Mifuko Saba ya Mchanga wa Mto

Mwaka ule ndege ya serikali ilipokuwa ikipita chini chini juu ya kijiji cha Ikonge, watu walitoka nje kuishangaa. Ilikuwa na mkia mrefu mwembamba kama mwiba, ikienda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayelima shamba la hewani. Chifu alikuwa amekwisha kutangaza kwamba si vita wala si dawa ya nzige. Serikali ilikuwa inapima miamba iliyo chini ya ardhi, ijue kuna madini gani na yako wapi. Watoto wakaipungia mikono.

Nyamweya Ogoti, mtu wa miaka hamsini na sita, hakuipungia. Alikuwa katikati ya michai yake, kikapu mgongoni. Ndege ilipopita mara ya tatu aliketi chini palepale, akajifunika kichwa kwa karatasi ya nailoni ya kukingia mvua ingawa mvua haikuwa imeanza. Binti yake Phanice alimkuta hivyo.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Inatafuta nini kule upande wa Manga?"

"Si wamesema? Madini."

"Najua wamesema," alijibu, na hakuinuka mpaka mlio ulipopotea kabisa.

Phanice alidhani ni uzee umeanza kubisha hodi. Hakujua, kwa sababu hakuna mtu aliyejua, kwamba baba yake alikuwa akiihofia siku hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ogoti alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani bila kazi, lakini alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliompatia kibarua. Mwaka 1987 kikundi cha wapimaji wa serikali kilipiga hema karibu na Nyamira. Mkuu wao aliitwa Jasper, mtaalamu wa miamba, mtu mpole mwenye miwani. Kazi ya Ogoti ilikuwa kwenda kwenye vijito, kuchota mchanga wa chini, kuuchekecha, na kutia ule laini kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Kisha aliandika namba na jina la kijito juu ya mfuko na kwenye orodha.

"Maji hushuka na kila kitu kilichoko mlimani," Jasper alimfundisha. "Tukiupima mchanga huu maabarani, tutajua kule juu kuna nini bila kuchimba hata shimo moja. Lakini lazima mchanga utoke pale pale ulipoandika."

Siku moja ya Aprili, Jasper alikuwa amelala na homa. Mwenzake Ogoti wa kawaida alikuwa amekwenda matangani. Dereva akamshusha Ogoti peke yake asubuhi kwenye kiwanda cha kahawa kilicho chini ya mteremko wa Manga, akiwa na mifuko saba mitupu, namba arobaini na moja hadi arobaini na saba. Vijito vilikuwa saba pia, vimetawanyika kwenye mteremko. Landrova ingemrudia saa kumi.

Mvua iliwahi siku hiyo. Ukungu ukashuka kutoka kwenye genge refu la mawe la Manga ukafunika njia zote. Kwenye kijito cha kwanza Ogoti aliteleza, maji yakamburuta, akaponea mzizi wa mti. Alikaa ameushika mzizi ule muda mrefu, meno yakigongana. Alipoweza kusimama hakupanda tena. Alirudi kiwandani.

Chini ya ukuta wa kiwanda palikuwa na kidimbwi ambamo kijito kidogo kilipitia. Ogoti alikichungulia, akatazama saa ya ukutani ndani ya ofisi ya karani, akapiga magoti. Alichota kwenye kona hii, akachota kwenye kona ile, ili mchanga usifanane sana. Akajaza mifuko yote saba. Akaandika namba na majina ya vijito saba kwa ule mwandiko wake mzuri, bila kukosea herufi. Landrova ilipofika nguo zake zilikuwa zimeanza kukauka.

Hakuona kwamba amefanya jambo kubwa. Mchanga ni mchanga, alijiambia.

Miaka mitatu baadaye ramani ilitoka. Chifu wa Manga aliibandika ofisini, na juu ya kilima kimoja palikuwa na duara jekundu lenye maana ya shaba. Kilima hicho ndiko alikoolewa Nyangate, dada yake Ogoti. Shamba la mume wake, Mose, lilikuwa katikati kabisa ya duara.

Mose alikuwa mtu wa vicheko, fundi wa mawe, asiyeweza kumpita mtu bila kumtania. Alikuja Ikonge kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, na siku hiyo hakutania.

"Shemeji, wewe ndiye uliyetembea huko na hao watu. Nakuuliza kwa sababu wewe ni wetu. Hiyo shaba iko kweli?"

Ogoti alikuwa na nafasi. Walikuwa wawili tu pale uani. Alitazama mnyororo wa baiskeli, akaona matope yaliyougandia, akaona kwamba akisema ukweli Mose atacheka, kisha atamweleza Nyangate, kisha Nyangate atawaeleza watu wa kanisa.

"Iko," akasema.

Basi Mose akachimba. Kila alipomaliza kazi za watu alishuka shimoni, karibu mwaka mzima, upande wa juu wa shamba karibu na mikaratusi. Aprili ya 1991, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, ukuta wa shimo ulimshukia. Watu walichimba siku tatu. Ogoti alikuwa miongoni mwao, akitoa matope kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang'oka. Siku ya nne maji yalijaa na ukuta wa pili ukaanza kupasuka, na mchungaji pamoja na wazee wakaamua kwamba shimo lisichukue mtu mwingine. Wakasoma maombi ya maziko ukingoni. Mose alibaki chini huko huko. Mtoto wake, Duke, alikuwa na miaka miwili.

Shemeji zake Nyangate walimtaka auze kile kipande kibaya. Alikataa. "Mume wangu amelala juu ya mali ya watoto wake," alisema. Alipanda ua wa miti kuzunguka lile bonde dogo lililobaki shimo lilipojifukia, akanyoosha mgongo, akalea watoto wake watatu. Maneno hayo alimwambia kila aliyemuuliza, na Ogoti aliyasikia kila alipokwenda kumtembelea.

Tangu mazishi yale yasiyo na mwili, Ogoti alianza kusikia jembe. Lilianza pamoja na mvua ya alasiri, sauti ya mbali, nzito, inayotoka chini. Tup. Kimya. Tup. Alimuuliza mkewe enzi za uhai wake, naye akasema hasikii kitu. Alihamisha kitanda. Alimpa jirani shamba lake la bondeni, ambako sauti ilizidi. Kanisani, mwimbishaji akitaja wimbo wa arobaini na kitu, Ogoti alifunga kitabu akasubiri uishe, maana zile tarakimu zilimjia machoni katika mwandiko wake mwenyewe. Watu walimsifu kwa utulivu wake. Walimfanya mzee wa kanisa, akakataa, wakamsifu zaidi kwa unyenyekevu.

Miaka miwili baada ya ile ndege, gari jeupe la serikali lilisimama mbele ya lango lake. Akashuka mwanamke wa umri wa Phanice, viatu vya matope, faili kwapani. Akajitambulisha kama Kemuma, mtaalamu wa miamba. Alizaliwa Sironga lakini alikulia Nakuru, kwa hiyo Ekegusii chake, lugha ya kwao, kilikuwa cha kuchechemea na mazungumzo yao yakaishia kwenye Kiswahili.

"Mzee, samahani kwa kukuvamia. Chifu ndiye amenielekeza." Alifungua faili akamwonyesha orodha ya zamani iliyogeuka rangi. "Huu ni mwandiko wako?"

Ogoti alizitazama zile namba saba, zimesimama wima kama askari. "Ni wangu."

"Sasa nina shida. Ndege ilipima kilima chote cha Manga na haikuona dalili yoyote. Lakini mchanga wako ulikuwa na shaba nyingi, vijito vyote saba. Na kuna kingine kinanisumbua. Vipimo vyote saba vinakaribiana mno. Vijito saba tofauti, vinafanana kama mapacha." Hakuwa na ukali. "Nimetumwa kuhakikisha kwa miguu. Ungekubali kunionyesha ulipochota?"

Angeweza kusema magoti yanamuuma, na isingekuwa uongo. Lakini Phanice alikwisha kusema, "Baba atakwenda, anaijua Manga vizuri," na kumletea koti.

Walipofika Manga, mtu aliyejaa udongo kuanzia nywele hadi kidole cha mguu alikuja mbio kulilaki gari. Alikuwa Duke.

"Mjomba! Kumbe wewe ndiye umewaleta!" Alimkumbatia hivyo hivyo na udongo wake. Tangu aliposikia kwamba wapimaji wanarudi, alieleza, yeye na wenzake watatu walikuwa wamelifungua shimo la baba. Walikuwa wamekwenda chini urefu wa watu watatu. "Serikali ikifika tuwe na kitu cha kuonyesha. Mama naye amekubali. Amesema wakati umefika."

"Mmeweka miti ya kuzuia kuta?" Kemuma aliuliza.

"Udongo wetu ni mgumu, daktari," Duke alisema akicheka, na kicheko kilikuwa cha Mose. Akakimbia kurudi kazini.

Kemuma alilitazama anga, kisha akamtazama Ogoti. "Tufanye haraka," akasema. "Nikimaliza hapa nataka kuliona hilo shimo."

Alikuwa na kifaa kinachofanana na bunduki ya plastiki. Ukikigusisha kwenye mchanga, kinaonyesha palepale kiasi cha kila aina ya madini. Kwenye kijito cha kwanza alikigusisha, akasubiri, akaandika. Hakuna kitu.

"Ulichota hapa, mzee?"

"Hapa."

Kijito cha pili. "Na hapa?"

"Hapa."

Kijito cha tatu walichofika kilikuwa kile chenye mzizi, ambacho siku ile yeye alikianza. Mti haukuwepo tena. Kemuma aliinama na kifaa chake, mawingu yakajikusanya juu ya genge, matone ya kwanza yakaanguka kwenye migomba, na Ogoti akaisikia sauti ile. Tup. Kimya. Tup. Tup.

Alishika kichwa. Kisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku za mkewe, akauliza.

"Binti yangu, unasikia?"

Kemuma aliinua uso. "Nasikia. Si ni wale vijana wanachimba kule juu?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia sauti ile, na sasa mgeni ameisikia. Ilitoka mahali palepale, kwenye mvua ile ile, saa ile ile, ikipigwa na mtoto wa yule yule. Aliketi kwenye nyasi zilizolowa.

"Tushuke," alisema. "Hukuniuliza vizuri, na mimi sikujibu vizuri. Nitakupeleka mahali penyewe."

Kiwanda cha kahawa kilikuwa kimefungwa tangu zamani, mabati yake yamekuwa mekundu kwa kutu. Kidimbwi kilikuwa kimepungua kikawa matope tu. Kemuma aligusisha kifaa kwenye tope, akatazama, akagusisha tena mahali pengine. Akatazama ule ukuta.

"Wakulima walikuwa wanaoshea wapi pampu zao za kunyunyizia kahawa?"

"Hapa."

"Ile dawa ya buluu."

"Ya buluu. Maji yenyewe yalikuwa ya buluu siku nyingine."

Kemuma alivuta pumzi. "Dawa ile ni shaba, mzee. Shaba uliyotuletea ilitoka dukani."

Ogoti hakuwa amelijua hilo. Alidhani amewapa mchanga mtupu usio na maana, na kwamba duara lile jekundu lilitoka mahali pasipoelezeka, pengine ni adhabu. Sasa alijua hata lilikotoka. Akamweleza yote, mvua, mzizi, mifuko, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na lile neno moja.

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Mwanzoni niliogopa kufukuzwa kazi. Hofu hiyo ilipokwisha, Mose alikuwa amekufa. Ningesema nini tena, na kwa nani?"

"Itabidi niandike kwenye ripoti."

"Andika. Nipe tu nafasi nimwambie dada yangu kabla hajaambiwa na watu."

Nyangate alikuwa amekaa kwenye kibaraza akimenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta kuzuia utomvu. Alimwona ndugu yake akija na mgeni, akatabasamu, akataka kuinuka kutafuta viti. Ogoti alimwomba asiinuke. Alimwambia akiwa amesimama kwenye manyunyu. Hakupunguza.

Nyangate alimenya ndizi mbili nzima. Kisha akauliza, macho kwenye kisu, "Alikuuliza?"

"Aliniuliza, dada."

"Peke yenu?"

"Peke yetu."

"Ukasema?"

"Nikasema iko."

Kisu kilisimama. "Nimewaambia watoto hawa baba yao alikufa akiwatafutia kitu. Duke alipokuwa akilia njaa nilimpeleka kwenye ule ua nikamwonyesha. Kumbe nilikuwa namwonyesha nini?" Sauti yake haikupanda. "Hata kufiwa kwangu umeninyang'anya, Nyamweya."

Mvua iliongeza nguvu juu ya mabati. Ndipo naye alipokumbuka, akageuka kuelekea mikaratusi, na kikapu cha ndizi kikapinduka.

"Nenda kamtoe mwanangu. Wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Ogoti alipanda kile kilima kama mtu wa miaka thelathini. Wale wenzake Duke walikuwa wamekimbilia chini ya miti, lakini Duke alikuwa bado shimoni, akisema amebakiza kidogo. Ogoti alimwita. Duke alikataa. Ogoti alimwambia hakuna shaba, hakujawahi kuwa na shaba.

"Mjomba, wamekufundisha useme hivyo! Ndege yao imeona, sasa wanataka tuondoke ili wachukue wenyewe!"

Kemuma alikuwa amefika, akapaza sauti kwamba kuta zinalia maji. Ogoti hakungoja. Alishika ngazi ya miti akashuka, hatua kwa hatua, tope likimwingia shingoni, mpaka akafika chini. Akaketi kwenye matope, mahali ambapo jembe lingepiga.

"Hutachimba mimi nikiwa hapa," alisema. "Sikiliza. Baba yako yuko chini yetu. Hakuletwa humu na ramani. Aliletwa na mimi." Na huko chini, mvua ikiwapiga wote wawili, alimweleza Duke kama alivyomweleza mama yake.

Duke aliinua jembe. Ogoti aliliona likisimama hewani, na baadaye alimkiria Phanice kwamba wakati ule hakuwa na hofu yoyote, alihisi kitu kama usingizi. Duke akalitupa ukutani. Bonge la udongo likaporomoka likawafunika miguu. Duke akaipanda ngazi akatoka.

Ogoti alijaribu kumfuata, magoti yakakataa. Alikaa akitazama maji yakikusanyika. Baada ya muda ngazi ikatikisika. Duke alikuwa amerudi. Alimsukuma mjomba wake juu kwa bega, mpaka mikono ya Kemuma na wale vijana ikamshika.

Nyangate ndiye aliyeamua kilichofuata. Mume wake, alisema, hatabaki shimoni kwa ajili ya uongo. Walisubiri mvua zipite. Januari, ardhi ilipokauka, wakachimba tena, safari hii kwa miti ya kuegemeza kuta na kwa maelekezo ya mzee mmoja mchimbaji ambaye Kemuma alimleta, si kwa kazi ya serikali, kwa hisani tu. Ogoti alivuta ndoo. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemsemesha. Siku ya tisa walimpata Mose. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vizima kabisa.

Walimzika kando ya nyumba siku ya Jumapili. Nyangate alimwita Ogoti mbele ya watu akamwambia, "Sema." Akasema. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walinong'onezana kwamba serikali imemtumia mzee wa watu kuificha shaba, na wako wanaoamini hivyo mpaka leo. Shimo likafukiwa siku ile ile.

Kemuma aliandika ripoti yake na kumpigia simu Ogoti kumwambia kwamba kwenye ramani mpya kilima kile hakina alama yoyote. Ogoti alimshukuru. Mvua ya alasiri ikija, Phanice anasema, baba yake bado huacha anachokifanya na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Nyangate hakuja Ikonge mwaka ule. Duke alikuja mara moja, kuomba miche ya chai ya kupanda pale juu, akaichukua akaaga kwa adabu. Karibu na mwisho wa mwaka Nyangate alimpa Phanice ujumbe. Baba yako anaweza kuja kunisalimia akitaka. Ila asipite lango kubwa, maana njia ile inapita kaburini. Apite njia ya chini, ya kisimani.

Ogoti alikwenda Jumapili iliyofuata. Njia ya chini ni ndefu, ina utelezi, na inamtokeza mtu nyuma ya jikoni. Alikuta kiti kimoja kimewekwa pale nje, na kikombe cha chai juu yake kimefunikwa kwa sahani. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishiwa. Alikaa, akanywa chai hadi chini, akasikia dada yake akitembea ndani. Alipomaliza alifunika kikombe, akasema kwa sauti kwamba anakwenda, akangoja kidogo, kisha akashuka njia ya kisimani.